Wasomi na Ile Asilimia 0.01

Tarehe 16 Agosti 2022, siku moja baada ya mshindi wa urais wa Kenya kutangazwa Bomas, kituo cha kujumlishia kura jijini Nairobi, kundi letu la WhatsApp liliwaka moto. Ni kundi la tuliomaliza chuo kikuu mwaka mmoja: wahandisi wawili, wahasibu watatu, mfamasia, mwalimu wa hisabati, maafisa wa mashirika, na mimi ambaye kazi yangu ni kuandika. Siku ile makamishna wanne wa tume ya uchaguzi walikuwa wamesimama mbele ya wanahabari kuyakana matokeo yaliyotangazwa na mwenyekiti wao, na miongoni mwa sababu zao mlikuwa na hesabu. Ukijumlisha asilimia za wagombea wote wanne, walisema, unapata 100.01. Na hiyo 0.01 iliyozidi ni kura kama 142,000.

Ilikuwa namba ya kutisha. Kati ya William Ruto, aliyetangazwa mshindi, na Raila Odinga palikuwa na pengo la kura 233,000 hivi; ukichomoa 142,000 za kimazingaombwe, uchaguzi mzima unabadilika sura. Ujumbe ukapita kutoka simu hadi simu. Mhasibu mmoja akaandika, "Hii sasa ni wazi." Mwalimu wa hisabati akaweka alama ya moto. Nami niliusambaza kwenye makundi mengine matatu kabla sijamaliza chai ya saa kumi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeshika kalamu.

Baada ya Magharibi nikashuka barzani. Penye birika la kahawa tungu alikaa muuza samaki wa mtaani, mzee tunayemwita Ami sote, aliyeachia shule darasa la saba. Nikamsomea ujumbe ule kwa sauti ya mtu anayeleta habari nzito. Akanitazama juu ya kikombe.

"Kura zote ni ngapi?"

"Milioni kumi na nne na kitu, Ami."

"Asilimia moja ya milioni kumi na nne?"

Nikapiga hesabu kichwani. "Laki moja na arobaini elfu."

"Haya. Hiyo ni asilimia moja nzima. Hao wako wanasema nukta sifuri moja. Dalali akinikata nukta sifuri moja, mwanangu, mimi hata bei siulizi."

Alikuwa sawa. Kura halali zilikuwa kama milioni 14.2, na asilimia 0.01 yake ni kura 1,420 hivi. Mtu alikuwa amekosea mara mia. Tena hata hizo 1,420 hazikuwepo. Asilimia zilizotangazwa zilikuwa 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23, kila moja ikiwa imefupishwa ibaki na tarakimu mbili baada ya nukta. Ukifupisha namba nne hivyo, vipande vidogo vinasukumwa juu au chini, na jumla inaweza kuteleza kidogo bila mtu kuiba chochote. Ni jambo la shule ya msingi. Sisi tulikuwa na shahada tisa au kumi kundini, nyingine za uzamili.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshakiandika kisa kichwani: msomi aaibishwa na muuza samaki. Kisa kitamu, na wasomaji wangekipenda. Kasoro yake ni kwamba si kisa chote. Ami alikuwa amempigia kura mshindi. Sisi wa kundini, wengi wetu, tulikuwa tumempigia aliyeshindwa. Na wiki moja kabla, mzee huyu huyu alikwenda kituoni na kalamu yake mwenyewe mfukoni, kwa sababu alikuwa ameambiwa kalamu za tume zina wino unaofutika baada ya saa mbili. Hapo hakumuuliza mtu hesabu wala kemia. Macho yake yalikuwa makali mahali ambapo ukali ulimfaa, na yetu yalikuwa mazito mahali ambapo uzito ulitufaa. Kama makamishna wale wangalitoa hesabu mbovu ya kumfaa mshindi, ninaamini mwalimu wetu wa hisabati angaliichana ndani ya dakika tano, kwa mchoro.

Kwa hiyo ninapoulizwa kama elimu ya chuo kikuu humfanya mtu awe mpiga kura mwenye kujua zaidi, siwezi kujibu kabla ya kuuliza: kujua nini, na kwa faida ya nani?

Mwaka 2013 Dan Kahan wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na wenzake walifanya jaribio linalonirudia kila msimu wa kampeni. Waliwapa watu jedwali la namba kuhusu krimu ya kutibu upele: waliopaka wangapi walipona, wangapi walizidiwa, na wasiopaka hali kadhalika. Hesabu ilikuwa na mtego. Ukitazama juujuu unakosea, ukitafuta uwiano unapata. Kama ilivyotarajiwa, wanaojua hesabu walipata kuliko wasiojua. Kisha namba zilezile wakapewa watu wengine, ila sasa zikiitwa takwimu za miji iliyopiga marufuku kubeba bastola kwa siri na miji isiyopiga. Hapo mambo yakageuka. Wajuzi wa hesabu walipata jibu hasa pale lilipokubaliana na siasa zao. Lilipowapinga, ujuzi uliyeyuka. Na pengo kati ya kambi mbili lilikuwa kubwa zaidi miongoni mwa wajuzi kuliko miongoni mwa wasiojua hesabu.

Chuo kikuu, kwa mtindo huo, hutoa mawakili wengi kuliko mahakimu. Wakili hafungui faili kutafuta nani mkweli. Hulifungua kutafuta pa kumwokolea mteja, na mteja wa kila mmoja wetu ni ule upande aliokwisha kuuchagua, au aliochaguliwa na ukoo wake tangu hajazaliwa. Asiyesoma akibishana nawe kuhusu mtu wake atasema, "Ni wetu, basi." Msomi ana haya kusema hivyo. Atakuletea kipengele cha katiba, grafu ya deni la taifa na makala kutoka London, na mwisho wa safari mtakuta mmefika palepale kwa "ni wetu", ila kwa barabara ndefu yenye lami.

Sisemi haya kwa dharau ya vyuo. Mimi mwenyewe chuo kilinifungulia dunia. Lakini nikikumbuka siasa zetu za kampasi ninajiuliza tulikuwa tunafundishwa nini. Uchaguzi wa wanafunzi ulipangwa kwa safu: mwenyekiti kutoka huku, katibu kutoka kule, mweka hazina kutoka kwa wale ambao bila wao namba hazitoshi. Safu zenyewe zilipikwa kwenye vikao vya vyama vya wanafunzi vya maeneo tulikotoka, na wanasiasa wa nje walijua vema nani wa kumpelekea bahasha. Mwaka wangu wa pili hosteli yetu ilikaa wiki tatu bila maji; tulikuwa tukiteka kwa madumu na kupandisha ghorofa ya nne. Katika mdahalo wa wagombea sikumbuki mtu aliyeuliza kuhusu maji. Tuliuliza nani anaungwa mkono na nani. Mchana tulikuwa tukisoma nadharia za mkataba wa jamii, usiku tunahesabu watu wetu. Baadaye, mwaka 2016, sheria ya vyuo vikuu ilirekebishwa, wanafunzi wakawa wanachagua wajumbe ambao ndio wanaochagua viongozi, na hata ile fursa ya kukosea moja kwa moja ikapungua.

Kuna utafiti uliofanyika hapa kwetu Kenya, huko Busia, ambao unastahili kusomwa polepole na kila anayeamini kwamba shule ni dawa ya siasa. Mwaka 2001 na 2002 shirika moja liliendesha mpango wa kuwalipia karo wasichana wa darasa la sita waliofanya vizuri katika mtihani. Kwa kuwa shule zilizoingizwa kwenye mpango zilichaguliwa kwa bahati nasibu, watafiti waliweza kurudi miaka michache baadaye na kulinganisha wasichana wa shule za mpango na wale wa shule nyingine. Walikuta mengi ya kufurahisha. Wasichana wa shule za mpango walijua zaidi mambo ya siasa, na hawakukubali kwa wepesi kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe. Walikuwa wagumu kuinamishwa na mamlaka. Lakini ujuzi huo haukuwafanya wawe na hamu zaidi ya kupiga kura, haukupunguza ukabila wao, na, hapa ndipo nilipoweka kikombe chini, waliongeza kukubali kwamba siasa wakati mwingine huhitaji vurugu. Hao walikuwa wanafunzi wa msingi na sekondari, si wa chuo; hata hivyo mwelekeo unaeleweka. Elimu iliwaondolea uoga na kuwapa habari. Waelekeze wapi vitu hivyo viwili, hilo haikuwaambia.

Zimbabwe ina kisa chake. Baada ya uhuru wa 1980 milango ya sekondari ilifunguliwa kwa Waafrika kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana, na watafiti waliofuatilia kizazi hicho walichapisha matokeo yao mwaka 2016: waliosoma zaidi walishiriki siasa kidogo zaidi, hata kupiga kura. Hawakuwa wavivu. Walikuwa wameusoma mchezo, wakaona umeshachezwa, wakakaa pembeni kwa makusudi. Mpiga kura mwenye kujua kuliko wote anaweza basi kuwa yule aliyebaki kitandani siku ya uchaguzi, jambo ambalo wanaopenda kusema "tuwaelimishe wananchi" hawalifikirii sana.

Wazo kwamba kura ya msomi ina uzito zaidi halikuzaliwa mtandaoni. Uingereza ilikuwa na viti vya bunge vya vyuo vikuu, Oxford na Cambridge vikiwa vya kwanza mwaka 1603, na mhitimu angeweza kupiga kura ya chuo juu ya kura ya kwao. Sheria ya 1948 ndiyo iliyokifuta kiroja hicho. Na Waingereza haohao walipolazimika kuwapa Waafrika wa Kenya kura mwaka 1957, walikuja na kiroja cha pili. Kwa mapendekezo ya Walter Coutts, afisa wa kikoloni, si kila mtu mzima angepiga kura, na waliokubaliwa hawakuwa sawa: mtu aliweza kupata kura moja, mbili, hadi tatu, kulingana na elimu yake, kipato, mali, utumishi wa miaka mingi na mambo kama hayo. Katika Mkoa wa Kati, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa pia wawe na cheti cha uaminifu kwa serikali, maana vita vya Mau Mau vilikuwa bado vibichi.

Tazama jinsi cheti cha shule na cheti cha utiifu vilivyokaa kwenye foleni moja. Serikali inapopewa kazi ya kupima nani anajua vya kutosha kupiga kura, hushindwa kujizuia. Kipimo cha kujua hugeuka polepole kikawa kipimo cha kukubaliana nayo.

Wakapiga kura hao waliochujwa. Nairobi walikuwa na chaguo safi kabisa kwa mjadala wetu: upande mmoja C.M.G. Argwings-Kodhek, Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa wakili. Upande wa pili Tom Mboya, mtu wa vyama vya wafanyakazi asiye na shahada, aliyekuwa ametoka kusoma mwaka mmoja tu chuo cha Ruskin kule Oxford. Wakamchukua Mboya. Mkoa wa Kati Eliud Mathu, msomi wa Oxford na Mwafrika wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria tangu 1944, akaangushwa na Bernard Mate. Wanane waliochaguliwa nchi nzima, pamoja na Oginga Odinga, Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi, walipoingia barazani wakakataa uwaziri na kudai viti zaidi. Wakoloni walitarajia kwamba ukichuja kwa elimu utapata watu wapole. Walipata kinyume.

Tanganyika hadithi ilifanana. Uchaguzi wa 1958 ulikuwa na masharti ya elimu, kipato au wadhifa, na juu yake kura tatu: kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake imeharibika. Wengi waliokuwa wakijaza mikutano ya TANU na kulipa ada hawakufuzu hata kujiandikisha. Bibi Titi Mohammed, ambaye elimu yake haikuvuka shule ya msingi, alikuwa ameingiza wanawake chamani kwa maelfu, na wengi wao wasingeona karatasi ya kura. Ndipo Tabora, Januari 1958, chama kikagombana nusura kipasuke, Nyerere akishikilia kwamba wakubali masharti yale mabaya na kuyashinda kwa ndani. Wakaita Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu akatoka na kuanzisha chama chake. Uchaguzi ukafanyika, na wale wachache waliosoma wakawachagua hasa waliotakiwa na wale wengi wasioruhusiwa kupiga kura.

Kwa nini? Nadhani kwa sababu karani wa darasa la kumi na mbili alikuwa akirudi jioni kwenye nyumba ileile ya miti na udongo, akichota maji kwenye bomba lilelile, na kutukanwa na bwana shauri yuleyule aliyemtukana shangazi yake asiyejua kusoma. Shule ilikuwa imempa maneno, lakini shida ilikuwa ya wote.

Hapa ndipo ninapoona tumebadilika, na ndiyo hoja yangu hasa. Mwenye shahada wa leo, akifanikiwa kidogo, hujitoa. Maji ana kisima cha kuchimba, au lori humletea. Umeme una sola juu ya paa. Watoto wako shule ya binafsi, mama yake anatibiwa kwa bima, getini kuna askari. Mimi nimo, si kwamba nawasema wengine. Na kila ninapojitoa kwenye huduma moja ya umma, ninapoteza macho yangu ya kuiona. Zahanati ya kaunti ina dawa au haina? Sijui, sijaingia miaka minne. Soko la samaki lilipandishiwa ushuru lini? Mwulize Ami.

Mkenya hupewa karatasi sita siku ya kura: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na mwakilishi wa wadi, ambaye sote tunamwita MCA. Katiba ya 2010 inaagiza kaunti zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na zahanati, masoko, shule za chekechea, uvuvi, barabara za mitaani, vyote viko huko. Anayepitisha bajeti hiyo na kupaswa kumkaba gavana ni MCA. Sasa mwulize msomi yeyote kundini kwetu. Atakuchambulia uchaguzi wa Marekani jimbo kwa jimbo. Atakueleza jinsi vita vya Ukraine vilivyoanza. MCA wake atamtafuta kwenye simu. Niliwahi kuulizwa jina la wangu na mtoto wa dada yangu aliyepewa kazi ya ziada shuleni; nikamwambia asubiri kidogo, nikatoka nje kumuuliza kijana wa bodaboda. Alinipa jina, kamati aliyomo, na mahali alipojenga nyumba ya pili.

Kura moja kati ya milioni kumi na nne haibadilishi chochote, walisema zamani wachumi, kwa hiyo kutumia muda kutafuta habari za siasa ni hasara kwa mwenye akili zake. Nakubali nusu. Kijana wa bodaboda hakutafuta habari zile ili apige kura vizuri. Alizipata kwa sababu barabara mbovu inamla matairi. Habari zilimfuata kazini. Mimi hazinifuati, nina lami hadi mlangoni, na shahada haiwezi kunipa njaa ya kujua jambo lisiloniuma.

Ndiyo maana sheria ya uchaguzi inayodai shahada kwa anayetaka urais au ugavana hunichekesha. Kwa wabunge na MCA Mahakama Kuu iliiondoa kabla ya uchaguzi wa 2022. Kwa wakubwa ikabaki, na mwaka ule tukatumia miezi kubishana kama shahada ya fulani ni halali, miezi ambayo tungeweza kuuliza fulani ana mpango gani na takataka za mji.

Hata hivyo nimeona mara moja, kwa macho yangu, elimu ya chuo ikifanya kile tunachosema inafanya. Ilikuwa Juni 2024. Mswada wa Fedha ulikuwa umeletwa bungeni, hati nzito ya Kiingereza cha mawakili, yenye VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 kwa mkate, na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Vijana wakaushika. Wanasheria wa miaka ishirini na kitu walikaa mbele ya simu wakaufasiri kipengele kwa kipengele kwenye TikTok, kwa Kiswahili, kwa Kikuyu, kwa Kijaluo. Wengine wakatengeneza programu ya kompyuta ambayo unaiuliza swali juu ya mswada nayo inakujibu. Namba za simu za wabunge zikasambazwa. Barzani kwetu, Ami alinieleza VAT ya mkate kabla sijamweleza mimi, na alikuwa na swali ambalo sikuwa na jibu lake: mwenye duka akilipa kodi kwenye unga na mafuta, tena kwenye mkate, nani anamrudishia ile ya kwanza? Nilikwenda kusoma usiku ule. Tarehe 25 waandamanaji waliingia bungeni, na vijana walikufa kwa risasi. Siku iliyofuata Rais akasema hatatia saini.

Kilichofanya elimu ifae safari ile, kwa maoni yangu, ni kwamba haikukaa kundini. Wenyewe walijiita wasio na kabila, wasio na chama, wasio na kiongozi, na iwe kweli au nusu kweli, mradi hapakuwa na mteja wa kumtetea. Mkate hauna mtu wa kwetu. Tena msomi alifasiri mbele ya watu ambao wangemkatiza akikosea: mwenye duka, mwenye matatu, mama wa sokoni. Ukisema uongo juu ya bei ya unga mbele ya anayeuza unga, huchukui dakika mbili. Kundini kwetu, kwenye ile 0.01, hapakuwa na wa kutukatiza. Sote tulikuwa na shahada, na sote tulikuwa tumeshindwa uchaguzi mmoja.

Kama mwamko ule utafika kwenye karatasi sita za Agosti 2027, sithubutu kubashiri. Kuukataa mswada mmoja na kuchagua watu sita ni kazi mbili. Kwenye mswada adui ana namba ya ukurasa. Kwenye uchaguzi anakuja na kofia, wimbo, na jina linalofanana na la babu yako.

Mimi nimejipa kazi ndogo. Mwezi uliopita niliishusha bajeti ya kaunti yetu kwenye intaneti. Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na tena lugha rasmi. Hati ile ilikuwa kurasa zaidi ya 300 za Kiingereza, nyingine zimepigwa picha zikiwa zimepinda. Nikachapisha sura ya uvuvi peke yake, nikaenda nayo barzani, nikawa ninafasiri mstari kwa mstari huku kahawa ikipoa. Mafunzo ya wavuvi. Ununuzi wa mashine za boti. Ami alikuwa akiitikia kwa kichwa, mara anaguna.

"Ukarabati wa mtambo wa barafu, soko la samaki," nikasoma, na kiasi chake.

"Rudia."

Nikarudia.

"Wa mwaka gani huo?"

Nikamwambia. Akaweka kikombe chini, akamwita kijana wa mkokoteni ambaye humletea barafu kila alfajiri kutoka kwa mwenye jokofu wa mtaa wa pili.

"Hebu mwoneshe huyu mtambo wa barafu wa sokoni ulipo."

Kijana akanitazama mimi, akamtazama yeye, akacheka, akidhani anategewa kitendawili.